Tulifunga Vioo Mpaka Nundu

Nyinyi vijana mnaoshika spana hapa mjini Baraka, mnanikuta nimekaa mbele ya nyumba yangu, mnanisalimia vizuri, halafu mnauliza lile lile kuhusu mashine ya baridi ya gari: “Muzee Asukulu, klim ya ile pikapu inakataa. Tuongeze gaz?” Nawaambia mkae kwanza. Hamkai. Mguu mmoja uko kwangu, mwingine umesharudi garajini. Basi nimeamua kuandika, maana karatasi haikatizwi maneno.

Sina haraka siku hizi. Nina mihogo yangu, nina mbuzi ambao hawanitii, na jioni upepo wa ziwa unaingia mlangoni. Hiyo ndiyo klim niliyobaki nayo, na haijawahi kuhitaji gaz. Lakini miaka mingi ya maisha yangu niliimaliza kwenye garaji ya shirika moja la afya, nikiwa nimelala chali chini ya pikapu nyeupe au nimeingiza kichwa chini ya dashibodi, miguu ikining'inia nje ya mlango. Watu waliokuwa wakipita walinijua kwa viatu.

Kwanza niwaambie habari ya pua. Fundi wa klim anaanza kazi kwa pua. Kulikuwa na mkubwa mmoja wa ofisi yetu, mtu msafi sana, aliyelalamika kwamba kila akiwasha baridi gari lake linanuka samaki. Gari lilioshwa. Likaoshwa tena. Akanunua dawa ya kunukisha, na sasa likawa linanuka samaki aliyejipaka marashi. Shofere wake akaanza kushukiwa kwamba usiku anabeba mizigo ya watu. Mimi nikafunga milango, nikawasha feni bila baridi, nikaweka pua kwenye kila tundu la hewa. La upande wa abiria lilikuwa na nguvu zaidi. Nikafungua kisanduku cha mbele ya abiria, nikashusha feni, na nyuma yake nikakuta nyumba nzima: majani, nyuzi za kiti, vipande vya karatasi, na akiba ya ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, waliopangwa vizuri. Panya alikuwa amewahamisha mmoja mmoja kutoka kwenye magunia ya wafanyabiashara wa Ubwari, ambao mkubwa mwenyewe aliwapa lifti siku moja.

Mkubwa akaja kuangalia. “Na panya mwenyewe yuko wapi?”

“Alihama, patron. Baridi ilimushinda.”

Akacheka mpaka akashika mlango, na siku ile ile akamwomba shofere wake msamaha mbele yetu. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu cha gaz, angalia njia ya hewa. Feni inazunguka? Chujio limejaa vumbi? Kuna mgeni anayeishi humo? Barabara zetu zinaleta vumbi kiasi cha kupanda maharage ndani ya chujio.

Aliyenifundisha kazi hii ni mzee Wilondja. Yeye hakuanzia kwenye magari, alianzia kwenye friji za wauza samaki kule Kalemie, halafu akaja kutuongoza garajini. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye tabia ya kuongea na mashine kwa Kibembe na kuongea na watu kwa nadra. Siku yangu ya kwanza alichukua mkono wangu akaweka vidole vyangu kwenye bomba moja la klim iliyokuwa ikifanya kazi. Lilikuwa la baridi, linatoa jasho. Kisha akauhamisha mkono huo huo mpaka bomba lingine. Nikaruka, kwa sababu liliniunguza.

“Umesikia?” akaniuliza.

“Nimesikia, muzee.”

“Baridi haiko kitu. Hakuna mutu anatengenezaka baridi. Iko moto tu. Tunaitoa hapa, tunaipeleka pale. Ile moto imekuunguza, mbele kidogo ilikuwa kwenye shati ya shofere.”

Nimefanya kazi maisha yangu yote kwa maneno hayo. Ukiyashika, magonjwa mengi yanajieleza. Gari linapooza vizuri likikimbia lakini likisimama sokoni linaleta hewa ya vuguvugu: maana yake moto unatolewa ndani lakini haupati pa kwenda. Angalia ile radieta nyembamba ya mbele. Mara nyingi imezibwa na matope na mbegu za majani. Siku moja mteja alikuja akidai gaz, Wilondja akaomba ndoo ya maji na brashi ya meno ya zamani. Alisugua polepole, akimwaga maji kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi njia uliyoingilia. Mteja aliondoka na shati lililofungwa vifungo hadi shingoni kwa baridi.

Na hii ya kuongeza gaz kila mwezi, muiache. Gaz ya klim hailiwi na injini kama mazutu ya tangi. Imefungiwa ndani, ikipungua, kuna tundu. Tafuta mahali vumbi limegandamana na mafuta, paka povu la sabuni, subiri. Tundu litapuliza. Ukiongeza gaz bila kutafuta tundu, unateka maji kwa kikapu.

Mchungaji mmoja rafiki yangu alikuja na soksi mkononi. “Asukulu,” akasema, “hii gari inanibatiza kila siku, na nilishabatizwaka.” Maji yalikuwa yanamwagikia miguuni kwake kila klim ikiwaka. Alishauriwa abadilishe mtambo mzima. Kumbe ni kale kampira kadogo ka kutolea maji chini ya gari. Nyigu walikuwa wamejenga humo kwa udongo. Nikaingiza waya wa baiskeli, udongo ukatoka, maji yakafuata. Mchungaji akavaa soksi zake palepale.

Msidhani nakataa mashine zenu. Ninawaona mnachomeka kidude chini ya usukani, simu inawaambia ugonjwa. Ni kitu kizuri. Kingekuwepo wakati wangu ningelala nacho kitandani. Ila simu inawaambia waya upi umekatika. Haiwaambii kwamba mtu fulani, siku fulani, aliamua gari hili halihitaji joto. Na sasa nimefika kwenye habari niliyotaka kuwaambia tangu mwanzo.

Sisi wa kando ya ziwa tukisikia klim tunafikiria baridi tu. Ile nusu nyingine, ya joto, tunaisahau. Kijiti cha klim kwenye dashibodi kina upande wa buluu na upande wa nyekundu, na kwenye pikapu za Baraka upande wa nyekundu haujaguswa tangu gari lishuke melini. Mimi mwenyewe niliuelewa vizuri siku moja, milimani juu ya Fizi.

Ulikuwa msimu wa mvua. Nilikuwa nimepanda na shofere Lazaro kutengeneza friji ya chanjo katika kituo kidogo cha afya. Lazaro alitoka Burundi akiwa kijana, akalima kwanza karibu na Nundu, halafu shirika likamchukua baada ya kumwona akitoa lori la watu kwenye matope bila kupandisha sauti. Alikuwa mtu wa utani mkavu. Friji ilikubali, tukalala huko, na asubuhi tulikuwa tunafunga vyombo vyetu tayari kushuka. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mabati, mvua nyembamba haikatiki, na baridi ile ya milimani inayoingia kwenye mifupa ya magoti.

Muuguzi wa kituo, mama Faida, akaja kwetu upesi akiwa na mabuti ya mpira.

“Papa Asukulu, munashuka sasa?”

“Tunashuka, mama.”

“Muko na nafasi ndani. Riziki alizaa hii asubuhi. Mutoto alikuja mbele ya wakati. Iko napumua, lakini mwili inapoa, kila nikigusa inapoa zaidi. Hapa niko na makaa tu, na moshi si ya huyu mutoto. Nimepiga simu hospitali ya Nundu, wananiambia kitanda ya moto ya batoto iko wazi.”

“Tutamupeleka,” nikasema.

“Gari yenu iko na moto ndani?”

Tukaangaliana na Lazaro. “Iko na kijiti chekundu,” Lazaro akamjibu.

Tukawasha injini, tukaiacha ipate moto vizuri, nikasukuma kijiti mpaka mwisho wa nyekundu. Ukatoka upepo wa baridi. Tukangoja. Bado baridi, ile ile ya ukungu wa nje.

Kupitia mlango wa kituo niliweza kumwona Riziki amekaa ukingoni mwa kitanda. Ni msichana tu, na huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Faida alikuwa amemfungia mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akamvika kofia ya sufu na kuwafunika wote wawili kwa blanketi. Nilichoona cha mtoto ni kofia tu, na ilikuwa ndogo kama ngumi yangu. Kutoka pale mpaka chini ziwani ni saa nyingi za matope, kwenye gari lenye mlango unaopitisha upepo.

Sasa nisikilizeni vizuri, hii ni kazi. Joto la gari halina kompresa wala gaz. Maji ya moto ya injini yanapita kwenye mpira mmoja, yanaingia kwenye radieta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi, feni inapuliza hapo, na maji yanarudi kwa mpira wa pili. Kwa hiyo unashika mipira miwili. Yote ikiwa ya moto, ugonjwa uko ndani: kile kibao kinachogeuza hewa hakigeuki. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi, maji hayapiti. Yote ya baridi, moto haufiki kabisa.

Nilifungua kifuniko cha injini, nikapeleka mkono kwenye ukuta kati ya injini na viti. Hakukuwa na mipira ya kushika. Midomo miwili ya bomba ilikuwa imechomoza kwenye ukuta, imezibwa na vitambaa. Mpira mmoja ulikuwa umekunjwa ukatoka injini na kurudi injini. Mtu, na sijui alikuwa nani maana gari lilitufikia limeshatembea sana, alikuwa ameondoa joto kabisa.

“Aliona hatutaihitaji,” Lazaro akasema nyuma ya bega langu.

Hapo ndipo penye mtego. Mafundi wanakata joto kwa sababu mbili. Ama wanaona ni kitu cha bure kwenye nchi ya jua, ama ile radieta ndogo imetoboka na inamwaga maji miguuni. Nikirudisha mipira kwenye radieta iliyotoboka, maji ya injini yatatoka kidogo kidogo, na katikati ya mteremko injini itachemka. Tutasimama kwenye mvua, na mtoto yule ndani. Afadhali kushuka bila joto kuliko kusimama.

Faida alikuwa amekuja mlangoni. “Itachukua muda mingapi?”

“Sijui bado, mama. Niache nijue kama iko muzima. Kama imetoboka nitakuambia palepale, tutashuka na mablanketi.”

Alirudi ndani akaweka mkono chini ya blanketi la Riziki.

Nikachomoa vitambaa. Nikaziba mdomo mmoja wa bomba kwa kidole gumba, nikaweka midomo yangu kwenye ule mwingine, nikapuliza. Ladha yake ilikuwa ya kutu na ya miaka. Nikajaza mashavu kama mpiga tarumbeta wa kwaya, nikashikilia. Kama kuna tundu, pumzi inapungua, mashavu yanalegea yenyewe. Mashavu yangu yakabaki yamejaa. Nikashikilia mpaka macho yakaanza kutoa machozi na Lazaro akaniuliza kama niko sawa. Nikaachia kidole; pumzi ikatoka kwa nguvu na vumbi la kutu likamrukia usoni.

“Iko muzima,” nikamwambia.

“Gari ao wewe?”

Mpira mmoja tulikuwa nao, ule uliokunjwa. Wa pili hatukuwa nao, na milimani hakuna duka la mipira. Nikaangalia nyuma ya pikapu. Kwenye pipa la mazutu kulikuwa na mpira mnene wa kuvutia mafuta, chombo ambacho Lazaro alikilinda kama mtu anavyolinda redio yake.

“Hapana,” akasema, kabla sijafungua mdomo.

“Lazaro.”

Akauangalia mpira, akaangalia mlango wa kituo. Akautoa mwenyewe, akaupima kwa mkono na kuukata kwa kisu chake. Tukauosha kwa maji ya moto na sabuni ya Faida mpaka harufu ya mazutu ikapungua. Mdomo wake ulikuwa mkubwa kidogo kuliko bomba, kwa hiyo nikakata chambrea ya baiskeli, ule mpira wa ndani ya tairi, nikaizungusha kwenye bomba kwa kuivuta sana, nikavisha mpira juu yake na kukaza kwa waya. Chambrea iliyovutwa inauma bomba kama mtoto anayeota meno. Mnaicheka, lakini imeokoa magari mengi kuliko vifaa vya dukani.

Injini ilikuwa imepoa wakati tunafanya hayo yote, basi nikafungua kifuniko cha radieta. Nasema tena: ilikuwa imepoa. Anayefungua radieta yenye moto ataonja supu kwa uso. Nikajaza maji, tukawasha. Nikashika mipira. Mmoja ukaanza kupata moto. Wa pili baridi.

Lazaro alinisoma usoni. “Nini tena?”

“Upepo umefungwa ndani. Maji hayapiti.”

Radieta ndogo iliyokaa tupu miaka ile imejaa hewa, na hewa inapenda kukaa juu. Kama gari liko sawa, mahali pa juu ni ndani kule kwenye dashibodi, na hewa inakaa huko kama mgeni aliyeshiba. Unatakiwa kuigeuza nyumba. Nyuma ya kituo kulikuwa na kilima kidogo. Lazaro akapandisha pikapu hapo, pua juu, na tukaweka mawe nyuma ya magurudumu. Sasa mdomo wa radieta ndio ulikuwa mahali pa juu kuliko pote. Nikauacha wazi, injini ikinguruma polepole, na mimi nikawa ninaikamua mipira kwa mikono miwili kama mtu anayekamua ng'ombe. Mapovu yakaanza. Kwanza madogo, halafu moja kubwa likatoka kwa sauti ya mtu mzima aliyekula vizuri, na maji yakashuka. Nikaongeza. Likatoka lingine. Nikaongeza tena. Mpira wa pili ukageuka vuguvugu mkononi mwangu, kisha ukawa wa moto kiasi kwamba nikauachia.

Niliingia ndani, nikawasha feni nguvu yote. Kilichotoka mwanzoni ni vumbi na maiti za wadudu. Tukaliacha litoke. Nyuma yake ikaja hewa kavu, ya moto, kama ile inayokupiga ukifunua tanuru la mkate. Lazaro akaweka mikono yake kwenye matundu, akafumba macho.

“Muite mama Faida,” nikamwambia.

Tukamweka Riziki mbele, mahali moto ulipokuwa mwingi, na Faida kwenye kiti cha nyuma pamoja nami. Hatukuwa tumemaliza hata kona ya kwanza, kioo cha mbele kikapata ukungu. Nguo zetu zilikuwa zimelowa, watu wanne na nusu tunapumua, na Lazaro haoni barabara. Alitaka kufungua dirisha.

“Usifungue. Washa klim.”

“Baridi? Juu ya moto?”

“Washa tu. Kijiti kiache kwenye nyekundu.”

Aliniangalia kwenye kioo cha kutazamia nyuma kama mtu anayefikiri pumzi niliyoipuliza kwenye bomba ilikuwa imebeba na akili zangu. Lakini akawasha. Klim inakausha hewa, maana maji ya hewani yanageuka matone kwenye mabomba ya baridi na kutoka chini ya gari. Halafu joto linaipasha ile hewa iliyokauka. Kioo kikaanza kufunguka kutoka chini, kwa kipande kinacholingana na kiganja, kisha chote. Lazaro alipitisha kiganja kwenye kioo. Halafu akasema, “Kumbe hii mitambo miwili iko bwana na bibi.”

Tulishuka polepole. Faida alikuwa akiinama mbele kila mara na kupeleka vidole chini ya kofia. Mimi nilikuwa nasikiliza injini na kunusa kama kuna maji yanatoka. Riziki hakuongea. Mahali fulani kabla ya Fizi mtoto akalia, sauti nyembamba kama mlango wa kabati, na sisi sote tukanyamaza ili tuisikie zaidi.

“Ni muzuri,” Faida akasema. “Aache alie.”

Tulipofika chini, mvua ilibaki milimani na jua la ziwa likatushukia. Tukapita Baraka, tukashika barabara ya kaskazini. Nyinyi mnajua mchana wa huku. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni mpaka kwenye mkanda. Shati la Lazaro liligeuka rangi. Aliuliza kwa adabu kama sasa tungeweza kuzima.

Faida akagusa tena. “Bado. Hapa ndani ibaki vile iko.”

Basi vioo vikabaki vimefungwa, na moto ukabaki kwenye mwisho wa nyekundu, na sisi tukapita vijiji kimoja baada ya kingine tukipikwa.

Lweba palikuwa na soko kandokando ya barabara, beseni za samaki zimekaa mpaka njiani, na tukalazimika kusimama. Mama mmoja muuza samaki, mnene, mwenye kitenge kichwani, akaona pikapu nyeupe iliyofungwa vioo kwenye jua lile. Akadhani tumejifungia baridi. Akaja akagonga kioo cha Faida kwa kidole.

“Bakubwa, mufungue kidogo na sisi tupate baridi yenu. Musikule peke yenu.”

Wenzake wakacheka. Faida akashusha kioo kidogo, aombe njia. Moto ukampiga usoni yule mama, akarudi nyuma hatua nzima.

“Yesu wangu. Munapika nini humu ndani?”

“Tuko na mutoto,” Faida akasema. “Alizaliwa leo. Hatujafika.”

Mama yule akainama, akaangalia mbele. Akaiona ile kofia kifuani kwa Riziki, akatuona na sisi, nyuso zetu zinavyotiririka. Cheko likamwisha. Akageuka, akainua beseni lake mwenyewe kwanza, na samaki wote ndani, akaliweka ukingoni. Kisha akawageukia wenzake: “Bamama, toeni vyombo. Kuna mutoto humu. Toeni, hata ile meza.” Wakatoa. Akatangulia mbele ya gari kwa miguu, akisukuma watu kwa mikono yake yenye magamba, mpaka mwisho wa soko.

Nundu walikuwa wametungoja. Riziki na mtoto waliingizwa ndani mara moja, na Faida akawafuata. Mimi nikafungua mlango wangu, nikateremka, na hewa ile ya mchana wa Nundu, ambayo watu walikuwa wakiikimbia kwenda kivulini, ilinipiga kama maji ya kijito. Nilitetemeka. Lazaro alivua shati, akalikamua juu ya majani, akakaa chini kwenye ukuta wa veranda. Tulikuwa tunaangalia ule mlango.

Faida alitoka baada ya muda mrefu. Alikuwa amevua mabuti. “Hajapoa njiani,” akasema. “Wanamuweka kwenye kitanda, wanasema mwili iko sawa. Ni musichana.” Halafu akakaa kati yetu, akaegemeza kichwa ukutani, na akalala hapohapo.

Mtoto alikaa Nundu wiki kadhaa, akanyonya, akaongezeka. Siku walipoachiwa, shirika lilitutuma sisi tena kuwarudisha. Mpira wa Lazaro nilikuwa nimeshautoa na kuweka wa kweli, na kolie mpya za chuma za kuukazia. Riziki alikaa mbele. Alikuwa ameongezeka yeye pia. Sasa aliongea, akatuuliza habari za nyumba zetu na kumtania Lazaro kuhusu ndevu zake. Kando ya ziwa Lazaro aliwasha baridi, tukasafiri kama wakubwa kweli.

Tulipopita Fizi na kuanza kupanda, ukungu ukatokea. Lazaro alikuwa bado anatafuta gia ya kupandia. Riziki hakumwomba mtu ruhusa. Alimhamisha mtoto kwenye mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia, akasukuma kijiti mpaka mwisho wa nyekundu, kama mwanamke anayesogeza ukuni jikoni mwake, kisha akaendelea na maneno aliyokuwa akimwambia Lazaro.